Nani Anatubania Spidi?

Wiki 3 nilipambana na kampuni ya intaneti, jedwali mkononi. Kumbe jibu lilikuwa limekaa kwenye kochi langu mwenyewe.

Ilikuwa Jumanne, saa 2 na robo usiku. Niko chumbani, mlango nimefunga, juu blauzi ya kazini, chini kanga, nimekaa mbele ya kompyuta kwenye kikao na wakubwa zangu walioko Toronto. Kwao ilikuwa mchana. Nilikuwa nawaeleza hesabu za mteja mmoja na nilikuwa nimefika penyewe hasa, pale nilipogundua malipo yaliyoandikwa mara mbili. Ghafla sura zao zikaganda. Bosi akabaki mdomo wazi kama samaki wa Feri. Mimi huku naendelea kuchambua hesabu, kumbe naongea na ukuta. Niliporudi hewani baada ya dakika 4, nikamsikia anasema, kwa ule upole unaotisha kuliko ukali, kwamba labda tumalizie kwa barua pepe.

Mpenzi msomaji, nilikuwa kwenye kipindi cha majaribio. Miezi 6, na nilikuwa nimemaliza 3. Kazi yenyewe ndiyo ile niliyoiombea usiku na mchana: uhasibu wa kimataifa, mshahara mzuri, na nafanyia nyumbani kwangu Tabata bila kupigana vikumbo na daladala. Sharti lao lilikuwa moja tu. Uwe na intaneti ya kuaminika.

Nikatoka chumbani kama mbogo. Mume wangu yuko sebuleni, kajinyoosha kwenye kochi, anaangalia mpira kwenye TV kwa mtandao uleule.

"Zima hicho kitu! Unataka nifukuzwe kazi?"

Akazima. Hakubisha, hakuuliza hata matokeo yalikuwa ngapi. Ndoa yetu ina miaka 2, na kwa mara ya kwanza nilimwona anazima mpira bila hata kusonya. Wakati ule nikaona ni upole. Nikaenda kulala.

Wote tulijua ni kampuni

Kesho yake nikapanda kumlalamikia jirani wa juu, mama mmoja ambaye habari zote za jengo anazo yeye.

"Mdogo wangu, kwani hukujua? Wanabana hao! Ikifika jioni wanafunga koki, wanajua watu wamerudi nyumbani."

Kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji wimbo ulikuwa huohuo. Mmoja anasema wanabana YouTube. Mwingine anasema ukiwapigia simu ukawagombeza, wanakufungulia siku 2, halafu wanabana tena. Nilipomsimulia mume wangu akaguna tu: "Hizi kampuni ndivyo zilivyo, mpenzi."

Basi nikapata adui. Na ukishapata adui, raha yake ni kwamba kila kitu kinakuwa ushahidi. Video ikizunguka, ni wao. Barua pepe ikichelewa, ni wao. Nikipiga simu huduma kwa wateja nikawekewa muziki dakika 10, si unaona sasa, wanaficha kitu!

Na nisikudanganye, kubana spidi kupo kweli. Mwaka 2007 kule Marekani, mhandisi mmoja wa mitandao aitwaye Robb Topolski alikuwa anajaribu kuwagawia wenzake nyimbo za zamani sana za makundi ya waimbaji wanne, kwa njia ya BitTorrent. Zikawa haziendi. Angeweza kulalamika kibarazani kama sisi. Yeye akakaa akachunguza kinachopita kwenye waya wake, kifurushi kimoja baada ya kingine, mpaka akaona kwamba kampuni yake ya kebo, Comcast, inakata mawasiliano hayo kwa makusudi, kama mtu wa tatu anayeingilia simu yenu na kusema "kwaheri" kwa sauti yako. Oktoba mwaka huohuo shirika la habari la Associated Press likafanya majaribio yake na kupata jambo lilelile. Agosti 2008 mamlaka ya mawasiliano ya huko, FCC, ikaiamuru kampuni iache. Aprili 2010 mahakama ya rufani ikatengua amri hiyo kwa hoja kwamba FCC haikuwa na mamlaka ya kuitoa, lakini siri ilishakuwa hadharani.

Kuna na kubana kwa halali, ambako wengi wetu tunakutia saini bila kusoma. Vifurushi vingi vinavyoitwa "bila kikomo" vina kipengele cha matumizi ya haki: ukishapita kiasi fulani cha gigabaiti kwa mwezi, spidi inashushwa mpaka mwezi mpya uanze. Kimeandikwa kwenye mkataba, kwa maandishi madogo kama ya kwenye kikaratasi cha dawa.

Kwa hiyo wazo langu halikuwa la kichaa. Tatizo ni kwamba nilikuwa na hukumu, sikuwa na namba hata moja. Na mimi ni mhasibu jamani! Mteja akinijia na maneno matupu ya "naona kama pesa zinaibiwa", namwambia alete vitabu kwanza. Nikaona aibu. Nikafungua jedwali jipya kwenye kompyuta: tarehe, saa, chumba, waya au waifai, spidi ya kushusha, spidi ya kupandisha.

Kosa la kwanza lilikuwa langu

Kifurushi chetu nilikijua: megabiti 30 kwa sekunde. Hapo kwenye neno megabiti wengi tunachanganya. Kampuni zinauza kwa megabiti, lakini faili kwenye kompyuta yako linapimwa kwa megabaiti, na baiti 1 ni biti 8. Ukiwa na megabiti 30 usitegemee kuona megabaiti 30 zikishuka kila sekunde. Utaona kama 3.75, na hapo hujaibiwa kitu.

Kipimo cha kwanza chumbani, kwa waifai: 2.8. Nikashika kichwa. Nikahamia sebuleni, hatua 2 kutoka kwenye ruta: 9.5.

Nikasimama katikati ya korido nikawaza. Kati ya sebule na chumba hakuna nguzo ya kampuni. Kuna kuta zetu. Kama spidi inapotea hapo katikati, mwizi yuko ndani.

Nikafungua kabati la TV. Lilikuwa jipya, la mninga, tulilinunua Keko mwezi Januari, lina milango yenye kioo cha kujitazamia, na nilikuwa nalitambia sana. Ndani yake, nyuma ya king'amuzi na rundo la chaja, nilikuwa nimeificha ruta kwa mikono yangu mwenyewe, eti waya zake zinaharibu muonekano wa sebule. Nimefungia sauti kwenye sanduku halafu nalalamika sisikii.

Waifai ni mawimbi ya redio. Kioo cha kujitazamia kina ubapa wa metali nyuma yake, unayarudisha mawimbi. Tofali na zege vinayapunguza. Maji yanayameza, ndiyo maana tangi la samaki nalo si rafiki wa ruta. Tena ruta nyingi zina njia 2. Njia ya gigahezi 2.4 inafika mbali, ila ndiyo njia ya kila mtu: ruta za majirani wote, bluetooth, mpaka mawimbi yanayovuja kwenye maikrowevu yako. Kwenye jengo la fleti ni kama Kariakoo mkesha wa sikukuu. Njia ya gigahezi 5 ina kasi zaidi na nafasi zaidi, lakini inachoka mapema ikikutana na kuta.

Nikaitoa ruta kabatini, nikaiweka juu ya rafu ya korido, wazi, katikati ya nyumba. Chumbani ikapanda kutoka 2.8 mpaka 8. Sikutumia hata senti tano.

Lakini 8 si 30. Na waifai haiwezi kuwa ushahidi dhidi ya kampuni, maana watakujibu kuta ni zako. Jumamosi nikaenda Kariakoo nikanunua waya wa mtandao wa mita 15. Mume wangu akachukua nyundo na vibanio, akaupitisha vizuri juu ya ukuta wa korido mpaka mezani kwangu. Kazi ya nusu saa aliifanya kimya kabisa. Kawaida yake ni mtu wa kupiga mluzi.

Nikachomeka. 9.6.

Namba isiyocheza

Sasa nikawa na moto. Wiki 2 nzima nikawa napima mara 4 kwa siku: saa 11 alfajiri, saa 4 asubuhi, saa 9 alasiri na saa 3 usiku. Kwa waya, programu zote zimefungwa, simu zote zimeondolewa kwenye waifai.

Kisa cha saa hizo ni hiki. Intaneti ya nyumbani tunagawana na majirani hata kama kila mtu ana ruta yake. Kwenye faiba ya majumbani, teknolojia inayotumika sana inapeleka karibu gigabiti 2.5 kwa sekunde kwenye unywele mmoja wa kioo, halafu unywele huo unagawanywa kwa nyumba 32, wakati mwingine 64. Intaneti ya kebo, ile inayokuja kwa waya mnene kama wa antena, nayo mtaa mzima unakunywa kwenye bomba moja. Kwa hiyo wakati wa jioni, kila mtu akiwasha tamthilia yake, ni kawaida spidi kushuka. Hiyo si kubana, hiyo ni foleni. Na foleni ina tabia yake: asubuhi inakwisha, jioni inarudi, leo ndefu, kesho fupi.

Kuna na hitilafu kubwa zisizo za mtaa. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya 2 za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku ile hata ungemgombeza nani kwenye simu, kosa lilikuwa baharini. Lakini hilo nalo huwa linagusa watu wote kwa pamoja, na linatangazwa.

Ya kwangu haikuwa hivyo. Alfajiri 9.6. Asubuhi 9.6. Alasiri 9.5. Usiku 9.4, mara nyingine 9.6. Nikachora mchoro, mstari ukalala kama rula.

Nikasema labda wanachagua cha kubana. Nikatumia kipimo cha fast.com, ambacho kinatumia mitambo ya Netflix yenyewe, nikalinganisha na vipimo vingine. Yaleyale. Nikaweka kwenye simu programu ya Wehe, iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern kule Boston. Hiyo inacheza mawasiliano yanayofanana na ya YouTube au Netflix, halafu inayacheza tena yakiwa yamevurugwa yasitambulike. Kama ya kwanza yanaenda polepole kuliko ya pili, kuna mtu anachagua. Kwangu yakaenda sawasawa.

Wapo wanaojaribu pia kupita kwa VPN waone kama spidi inaongezeka. Hiyo sikuigusa. Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo la kutaka matumizi ya VPN yaandikishwe, na mimi sikutaka kesi juu ya kesi.

Usiku ule nilikaa naangalia mstari wangu, na uhasibu wangu wote ukaniambia jambo moja. Kwenye vitabu vya hesabu, namba inayopanda na kushuka ni maisha. Namba isiyocheza, siku nenda siku rudi, hiyo imewekwa na mtu.

"Nimewapata," nikamwambia mume wangu. "Wametufungia kwenye 10. Tunalipia 30 wanatupa 10! Jumatatu naenda ofisini kwao, wakileta longolongo napeleka TCRA."

Akasema, "Si upige simu tu, mke wangu? Utapoteza siku."

"Sipigi. Nawapelekea jedwali."

Akanyamaza. Akaenda jikoni akaosha vyombo vyote, na haikuwa zamu yake.

Dada wa kaunta

Jumatatu nikavaa kama naenda kwenye usaili. Jedwali kurasa 4, mchoro wa rangi, namba ya akaunti. Dada wa kaunta alinisikiliza vizuri, sikatai. Akapekua kurasa zangu moja moja mpaka akaniuliza kama mimi ni mwalimu. Kisha akaingia kwenye kompyuta yake. Akasoma. Akasoma tena. Akanitazama kwa namna ambayo sitaisahau.

"Dada, akaunti hii haina jina lako, kwa hiyo siwezi kukusomea kila kitu. Ila kifurushi si cha megabiti 30."

"Ni cha ngapi?"

"Ni cha 10. Tangu tarehe 3 Februari. Mwenye akaunti aliomba ashushwe." Akagonga jedwali langu kwa kalamu taratibu. "Unapata 9.6 kwenye 10. Kwa kweli dada, vipimo vyako vimetusifia."

Mwenye akaunti ni mume wangu. Intaneti ndiyo bili yake. Mimi nalipa chakula na dada wa kazi, yeye analipa umeme, maji na intaneti, kodi tunachanga. Ndivyo tulivyopanga tangu tunaoana, na kila mtu haulizi ya mwenzake.

Nilirudi nyumbani kwa bajaji, jedwali nimelikunja kama gazeti la jana. Nikikwambia niliwaza mambo mazuri nitakuwa muongo. Tofauti ya vile vifurushi viwili ilikuwa shilingi 45,000 kwa mwezi. Inakwenda wapi? Kwa nani? Kuna mtu analipiwa intaneti mahali pengine? Kutoka mjini mpaka Tabata nilishampangia mwanamke, nikamjengea nyumba, nikamzalia na mtoto mmoja.

Halafu karibu na Buguruni, kwenye foleni, nikajishika. Kampuni ambayo siijui nimeipima wiki 3 kabla ya kuituhumu. Mume wangu namhukumu kwa safari moja ya bajaji? Nikaamua leo sitaingia kama mbogo. Nitauliza, na nitasubiri jibu.

Sebuleni

Alikuwa amefika kabla yangu. Nikaweka jedwali mezani.

"Nimetoka kule. Wameniambia tuko kwenye 10 tangu Februari."

Alikaa kimya muda mrefu. TV ilikuwa imezimwa. Kisha akasema, "Posho za safari zimefutwa kazini. Tangu Januari."

Mume wangu yuko kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Mshahara wake wenyewe wa kawaida, ila zile posho ndizo zilikuwa zinabeba nyumba. Kumbe miezi 4 alikuwa analipa kodi na bili zake kwa mshahara mtupu. Alikuwa ameacha kununua chakula cha mchana kazini. Zile jioni alizokuwa anachelewa, anayeniambia "foleni leo noma", alikuwa anapanda daladala na kuliacha gari kazini ili kuokoa mafuta. Na intaneti alikuwa ameishusha kwa sababu aliona ndiyo bili pekee ambayo sitaigundua.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniambia nini?"

"Ningekwambia tugawane, basi!"

Akatabasamu kidogo, lakini si kwa furaha. "Unakumbuka Krismasi kwa dada yako?"

Nikakumbuka. Nilikuwa nimeshapata habari za kazi mpya, nimechangamka, na mbele ya shemeji zake na ndugu zangu wote nikasema kwa kicheko kwamba kuanzia Januari mwanaume wa ile nyumba ni mimi. Watu walicheka sana. Yeye pia alicheka. Mimi nilidhani tumecheka wote.

"Posho zimekatwa wiki 2 baada ya hapo," akasema. "Ningeanzia wapi kukwambia?"

Nikamuuliza mbona alikaa akiniangalia nikihangaika, akanigongea mpaka vibanio vya waya ukutani. Akasema kila siku alikuwa anapanga aniambie leo. "Mwanzoni nilijua utaona ni kawaida tu. Ukachora jedwali. Ukachora na mchoro. Nikaona sasa nikisema nitaonekana mwizi."

Nililia, si uongo. Sehemu ni hasira, maana ile kazi ningeweza kuipoteza kweli, na angekuwa ameniona nazama huku ameshika kamba. Hilo nilimwambia wazi na akakubali. Sehemu nyingine ni aibu yangu. Kwa wiki 3 nilikuwa nasoma dalili za ruta mpaka rangi ya taa zake, halafu mtu wangu ameacha kupiga mluzi na sikuuliza.

Tulichofanya

Usidhani tulirudi kwenye 30 siku ileile. Tulikaa na kalamu, tukapiga hesabu ya tunachohitaji hasa, na hapo ndipo nilipocheka. Kikao cha video kinakula kama megabiti 1 mpaka 4 kwenda na kurudi. Netflix wenyewe wanasema filamu ya ubora wa juu wa kawaida inahitaji megabiti 5. Jumla 9. Mume wangu hakuwa amekosea sana kwenye hesabu yake. Megabiti 10 zilikuwa zinatosha, kwa kubanana.

Sasa ule usiku wa Jumanne niliganda kwa nini? Ukiacha kabati la Keko, tulimkuta mshtakiwa wa mwisho kwenye mfuko wa suruali yake. Simu yake ilikuwa imepangwa kuhifadhi picha na video mtandaoni kila ikikuta waifai, na wiki ile ilikuwa inapandisha video za harusi ya mdogo wake. Njia ya kupandisha ikijaa, hata maombi madogo ya kushusha yanakaa foleni, kila kitu kinaganda. Tukaipanga simu, yangu na yake, zifanye kazi hiyo usiku wa manane tukiwa tumelala. Kompyuta yangu ikabaki kwenye waya. Ruta ikabaki kwenye rafu, mbaya hivyohivyo, wageni waione.

Kwa hiyo msomaji, kama kwenu nako video inazunguka, usianze na matusi ya WhatsApp. Zima ruta, washa tena, itoe mafichoni. Pima kwa waya kabla ya kupima kwa waifai. Pima alfajiri na pima usiku. Ikishuka jioni tu, ni foleni ya mtaa. Ikishuka katikati ya mwezi na kupona mwezi mpya, soma kipengele cha matumizi ya haki. Ikigoma kwenye huduma moja tu, hapo ndipo ushuku kubanwa. Ikisimama namba moja bila kucheza, uliza kifurushi chenu ni kipi na nani alikibadilisha. Na kama kweli hupati unacholipia, peleka malalamiko kwa kampuni kwa maandishi, ubaki na nakala, wasipotatua ndipo uende TCRA. Ukiwa na jedwali watakusikiliza. Mimi ni shahidi.

Nyumbani tumebadilisha kitu kimoja tu kikubwa. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, baada ya chai, kila mtu anaweka simu yake mezani na tunapitia bili zote pamoja, za kwake na za kwangu. Mara ya kwanza ilikuwa kama kuvuliwa nguo. Sasa tumezoea, na wakati mwingine tunamaliza kwa kucheka. Akaunti ya intaneti ina namba zetu zote mbili. Umeme nimeuchukua mimi mpaka mambo yake ya kazi yatakapokaa sawa, na mzaha wa nani mwanaume wa nyumba nimeuacha. Krismasi ijayo nikiwa na la kuchekesha, nitatafuta lingine.

Barua ya kuthibitishwa kazini nilipata mwezi wa sita, kwenye kikao cha saa 2 usiku, bosi akiongea na midomo yake ikienda sawa na sauti. Nilipotoka chumbani nikamkuta mwenzangu amekaa kwenye kochi, TV imezimwa, ananisubiri nimwambie.

Asubuhi yake nilimsikia bafuni anapiga mluzi. Nikapima spidi, mazoea tu. 9.6.